Mama Kijana, Shika Vilivyo Vyema Katika Vitu vya Asili

Mama, umepata mtoto wako wa kwanza. Unapenda akue vema, na kila mtu ana neno la kukuambia. Mama mkwe anasema hivi, jirani anasema vile, na duka linakuonyesha makopo yenye picha za watoto wanono. Siku hizi mama vijana wengi wanasema: "Mimi nataka kutunza mtoto wangu kwa namna ya asili." Neno hili ni zuri. Lakini sikiliza vizuri. Mvua ni ya asili, na radi vilevile ni ya asili. Sombe ni majani, na sumu ya kuvulia samaki ni majani pia. Basi tutazame pamoja vitu gani ushike kwa nguvu, na vitu gani uviache, ili mtoto wako awe hai na mwenye afya.

1. Maziwa yako mwenyewe

Hakuna chakula cha asili kinachopita maziwa ya mama. Mtoto akisha kuzaliwa, mweke kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, na anyonye katika saa ya kwanza. Maziwa ya kwanza ni mazito na ya manjano. Wazee wengine wanasema ni machafu, tena wanayakamua na kuyamwaga chini. Usiyamwage hata kidogo! Yana nguvu ya kumlinda mtoto na magonjwa, tena yanasafisha choo chake cheusi cha kwanza.

Mpaka miezi 6 mtoto anyonye tu. Usimpe maji, wala chai, wala uji. Labda utauliza: "Na kiu, je? Jua ni kali." Mama, katika sehemu 100 za maziwa yako, karibu sehemu 87 ni maji. Mtoto akiwa na kiu, mnyonyeshe. Mpe mchana na usiku, mara 8 mpaka 12, kila akitaka. Kadiri mtoto anavyonyonya, ndivyo maziwa yanavyozidi kuja. Mama anayesema, "Maziwa yangu ni machache," mara nyingi ni mama ambaye mtoto wake amekwisha kushibishwa maji au uji.

Baada ya miezi 6 mpe chakula, lakini usimwachishe ziwa. Endelea mpaka miaka 2 au zaidi. Unakumbuka habari za Hana katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli? Hakumpeleka mtoto katika nyumba ya Mungu mpaka alipokwisha kumwachisha ziwa. Hakufanya haraka.

Ikiwa una virusi vya SIDA, usiache kunyonyesha kwa woga, wala usinyonyeshe bila dawa. Njoo hospitali. Mama anayemeza dawa zake kila siku bila kuacha anaweza kunyonyesha mtoto wake, naye mtoto atapewa dawa na kupimwa.

2. Chupa na maziwa ya kopo

Zamani, mwaka 1939, mganga mmoja mwanamke, jina lake Cicely Williams, alisimama mbele ya wakubwa wa mji wa Singapore. Alikuwa ameona watoto wengi wakifa kwa sababu mama zao walidanganywa kuacha ziwa na kununua maziwa ya kopo. Akawaambia wazi kwamba jambo hili ni sawa na kuua. Wengi hawakupendezwa na maneno yake. Lakini mwaka 1981 inchi za dunia zilikutana katika mkutano wa Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), zikakubali sheria ya kuzuia matangazo ya maziwa ya watoto wachanga.

Kwa nini chupa inaua? Maziwa ya kopo yanataka maji yaliyochemka, na chupa iliyochemshwa kila mara. Mama amechoka, kuni zimekwisha, anaisuuza chupa kwa maji ya mtoni. Kesho yake mtoto anaharisha. Tena kopo ni la bei kubwa. Feza ikipunguka, mama anaongeza maji ili kopo lidumu. Mtoto anashiba maji, anakonda.

Ukienda shambani au sokoni na kumwacha mtoto nyumbani, kamua maziwa yako katika kikombe safi chenye kifuniko. Yawekwe katika kivuli, yasipite muda wa saa 4. Mlinzi wa mtoto amnyweshe polepole kwa kikombe. Kikombe ni rahisi kuosha, chupa siyo.

3. Kifua na mgongo wa mama

Kubeba mtoto mgongoni ni desturi njema ya wazee wetu. Mtoto anasikia moto wa mama, analia kidogo, na miguu yake iliyopanuka kiunoni mwa mama inasaidia mifupa ya nyonga ikae vizuri. Usione haya kumbeba.

Na mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati, aliye mdogo sana? Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, inchi ya Kolombia, hospitali moja ilikosa mashini za kutosha za kuwapatia watoto wadogo moto. Mganga Edgar Rey akawaambia mama wawafunge watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Leo waganga duniani pote wanafundisha vile. Mtoto avae kofia, soksi na napi tu, afungwe kwa kitambaa kati ya maziwa ya mama. Mama akichoka, baba anaweza kumbeba vilevile kifuani pake. Baba, hii si kazi ya aibu!

4. Chakula baada ya miezi 6

Huyo mganga Cicely Williams, alipokuwa Gold Coast, inchi inayoitwa Ghana leo, aliandika mwaka 1933 habari za ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa. Mwaka 1935 akautaja kwa jina la wenyeji, kwashiorkor, maana yake ugonjwa wa mtoto mkubwa wakati mdogo wake amezaliwa. Huku Kivu wengi wanauita bwaki. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu na kunyofoka, ngozi inabambuka, hacheki, hataki kula. Watu wengine wanasema: "Amenona," au, "Amelogwa." Hakunona wala hakulogwa. Bonyeza mguu wake kwa kidole gumba, uhesabu mpaka tatu. Shimo likibaki, mlete hospitali siku ileile.

Bukari peke yake haimkuzi mtoto. Tumbo linajaa, mwili haujengwi. Anza na uji mzito wa mahindi, mtama au soya. Tia ndani kijiko cha karanga zilizopondwa, au unga wa ndagala au sambaza waliokaushwa, au yai, au maharagi yaliyopondwa. Ongeza kijiko cha mawese mekundu, yana vitamini A ya kulinda macho. Usiyachome mawese mpaka yawe meupe, maana vitamini ile inaharibika. Mpe lenga-lenga, paipai, avoka na ndizi. Toka miezi 6 mpaka 8 alishwe mara 2 au 3 kwa siku, na toka miezi 9 mara 3 au 4. Apate sahani yake mwenyewe. Mtoto mdogo hawezi kushindana na kaka zake katika sahani moja.

Unaona kwamba vyakula hivi viko shambani na sokoni kwako. Usiuze mayai yote kwa kununua biskuti.

5. Muhogo mchungu

Muhogo ni chakula chetu, lakini muhogo mchungu una sumu. Katika inchi ya Wayaka, upande wa Kwango, kuna ugonjwa unaoitwa konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mganga Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, na hata katika miaka yetu umeonekana tena huko Kahemba. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, wala haiponi. Unashika zaidi watoto na mama vijana. Unakuja wakati watu wana njaa na haraka, wakiloweka muhogo siku moja tu, tena wanakula bila samaki wala maharagi. Basi muhogo mchungu uloweke siku 3 au zaidi, kisha uanike vizuri juani. Njaa isikudanganye kupunguza siku.

6. Desturi za kuacha

Usimtie mtoto maji ya majani tumboni kwa njia ya nyuma. Utumbo wake ni mwororo, watoto wengi wameungua na kutoboka. Usimnyweshe mtoto mchanga dawa ya mizizi. Hakuna anayejua kipimo chake. Usimpe asali mbele ya mwaka 1, kwa maana inaweza kuleta sumu inayolegeza mwili. Juu ya kitovu usitie majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala udongo. Humo mnakaa mdudu wa pepopunda. Kitovu kiwe safi na kikavu.

Mama mkwe akikushurutisha, usimjibu kwa hasira. Mwambie: "Mama, tafazali tuende pamoja hospitali, nawe usikie." Mara nyingi anafanya hivyo kwa kumpenda mjukuu wake.

7. Chanjo na mustikeri

Mama mwingine anasema: "Mtoto wangu ananyonya, hana haja ya sindano." Maziwa yanamlinda sana, lakini hayawezi kuzuia surua. Katika Congo yetu surua iliyoenea tangu mwaka 2019 iliua watu zaidi ya 6,000, na wengi wao walikuwa watoto. Chanjo inafundisha mwili kumjua adui mbele hajafika. Anza siku za kuzaliwa, na ya surua mlete akiwa na miezi 9. Na kila usiku mlale wote wawili chini ya mustikeri yenye dawa, kwa sababu ya malaria.

Akiharisha, endelea kunyonyesha. Tafuta unga wa ORS katika dispensari. Ukikosa, twaa litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa sawa na ukingo. Usizidishe chumvi.

8. Mwili wako wewe mama

Kula mara moja zaidi kuliko zamani, na pumzika. Kunyonyesha kunazuia mimba ikiwa mambo matatu yako pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya tu mchana na usiku, na damu ya mwezi haijarudi. Jambo moja likikosekana, njooni wewe na bwana wako mwulize namna nyingine. Mimba ya haraka ndiyo mlango wa bwaki.

Usingoje kesho ikiwa mtoto hanyonyi, ana moto mwingi, anapumua mbio, anashikwa na degedege, au analegea asiamke. Mchukue mgongoni, uje hata usiku.

Binti Farao alimlipa mama ya Musa mshahara ili amnyonyeshe mwana wake mwenyewe. Wewe hulipwi na mtu, lakini kazi yako ni ileile, tena Mungu anaiona.

Maulizo ya kusoma pamoja

1. Kwa nini mtoto wa miezi 3 hahitaji maji?
2. Mtoto aliyevimba miguu amenona? Utajuaje?
3. Muhogo mchungu unaloweka siku ngapi nyumbani kwako?
4. Katika kijiji chako ni desturi gani ya asili utaishika, na ni ipi utaiacha leo?