Uchaguzi wa Mada ya Utafiti: Mfano wa Vyama vya Udugu katika Vyuo vya Marekani

Udhaifu wa makala nyingi za utafiti za wanafunzi hautokani na uvivu wa kusoma, bali hutokana na mada ambayo ilikuwa pana mno tangu mwanzo. Maisha ya vyama vya udugu katika vyuo vikuu vya Marekani ni mfano mzuri wa jambo hili. Maisha hayo huwavutia watafiti kwa kuwa yamejaa viapo, siri, urafiki wa kudumu na, mara nyingine, vifo. Hata hivyo, jambo la kuvutia si lazima liwe mada. Mada hupatikana pale swali lenye mipaka linapokutana na ushahidi unaoweza kufikiwa bila ya kumdhuru mtu.

Kwanza, hapana budi mipaka iwekwe. Vyama hivi hujulikana kwa herufi za Kiyunani, lakini historia zao si moja. Phi Beta Kappa kilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 katika chuo cha William and Mary, Virginia, kikiwa chama cha siri cha mijadala. Mwaka 1831 kiliiacha siri yake, na leo ni jumuiya ya kuwatukuza wanafunzi bora. Kappa Alpha, kilichoanzishwa mwaka 1825 katika Union College, New York, ni miongoni mwa vyama vilivyoweka msingi wa udugu wa kijamii unaofahamika sasa. Alpha Phi Alpha nacho kilianzishwa na wanafunzi weusi wa Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1906, wakati ambapo weusi walikuwa wachache sana chuoni humo na wakihitaji kusaidiana. Herufi zinafanana, lakini haja zilizoviunda vyama hivyo ni mbalimbali. Mwanafunzi anayeandika juu ya “maisha ya vyama vya udugu” kwa jumla huzichanganya haja hizo, na mwishowe hasemi kitu juu ya hata mojawapo.

Pili, ushahidi uchunguzwe kabla ya swali kukubaliwa. Ibada za kuwaingiza wanachama hulindwa kwa kiapo. Basi anayeamua kuzieleza hutegemea ama uvumi, ama mtu aliyekivunja kiapo chake. Lakini si kila kitu kimefichwa. Kitabu cha Baird kinachoorodhesha vyama hivi kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1879, na The Sphinx, jarida la Alpha Phi Alpha, lilianza kutolewa mwaka 1914. Mtu akiuliza jinsi jarida hilo lilivyoueleza wajibu wa msomi mweusi kwa watu wake katika miaka ya 1930, tayari ana wakati, mahali na matini ya kusoma.

Tatu, madhara yapimwe. Mwezi Februari 2017, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State alifariki baada ya kunyweshwa pombe nyingi katika nyumba ya chama alichokuwa akijiunga nacho. Baadhi ya wanachama walishtakiwa. Mwaka 2018 jimbo hilo lilitunga sheria kali zaidi, na Desemba 2024 sheria ya taifa ikavilazimu vyuo kutangaza matukio ya mateso ya namna hiyo. Kwa hiyo mwanachama anayemsimulia mtafiti aliyoyatenda huenda akawa anakiri kosa la jinai, na daftari la mtafiti laweza kutakiwa mahakamani. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana uwezo wa kumlinda msimulizi huyo. Anaweza, hata hivyo, kulinganisha jinsi sheria hizo zinavyoyafasiri “mateso” na “ridhaa”, maana hati zenyewe ziko wazi kwa kila msomaji.

Wanaisimu nao wana mlango wao. Scott Kiesling, katika makala aliyoichapisha mwaka 1998, alichunguza usemi wa wanachama wa chama kimoja huko Virginia. Aliangalia kitu kidogo tu: mwisho wa maneno ya Kiingereza unaoandikwa -ing, ambao katika usemi hutamkwa ama kwa ng' ama kwa n. Katika maongezi ya kawaida wengi walitumia n. Mikutanoni wengi wao waliipunguza, lakini wachache waliendelea nayo, wakijipatia kwa njia hiyo sura ya watu wa kazi na wenye nguvu. Hakuhitaji kufichua siri ya mtu yeyote ili kuonyesha jinsi mamlaka yanavyojengwa kwa sauti.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka jando na unyago, na ulinganisho huo una manufaa ukitumiwa kwa hadhari. Jando huwachukua vijana wa rika na kuwarudisha wakiwa watu wazima wa jamii nzima. Chama cha udugu huteua wachache na kuwaacha wengine nje. Ulinganisho wenye kuanzia kwenye tofauti hiyo ni swali. Ule unaotangaza tu kwamba mambo ni yale yale umekwisha kabla ya kuanza.

Basi mwalimu anayeletewa mada ya namna hii amtake mwanafunzi aandike sentensi moja ya swali, na chini yake ataje matini atakayosoma au watu atakaowasikiliza, na jinsi watakavyolindwa. Akishindwa kuvitaja, mada bado haijapatikana.