Tabo ya maji au ya oili? Jibu limo katika dakika zinazofuata baada ya kuzima injini

Katika nchi jirani ya Kenya, ambako magari ya Subaru yenye tabo yamejipatia mashabiki wengi, si ajabu kumwona dereva ameshaegesha nje ya nyumba yake lakini hajazima gari. Anasubiri. Baadhi ya magari yaliyotumika huwasili kutoka Japani yakiwa na kifaa kidogo kilichofungwa na mmiliki wa awali, ambacho huiacha injini iungurume kwa dakika moja au mbili baada ya ufunguo kuchomolewa. Desturi hiyo ilianza wakati tabo nyingi zilipozwa kwa oili peke yake. Leo inazua swali kwa yeyote ambaye tabo ya gari lake imekufa na fundi amemletea mbili za kuchagua: yenye njia za maji, na isiyo nazo.

Majina yenyewe yanapotosha. Hakuna tabo ya kawaida ya gari inayopozwa kwa maji bila oili. Ile iitwayo tabo ya maji hutumia oili sawasawa na mwenzake, kisha ikaongezewa njia ya maji yatokayo kwenye mfumo wa rejeta. Kwa hiyo mnunuzi hachagui kati ya oili na maji. Anachagua kati ya oili pekee na oili pamoja na maji.

Tabo ni pangaboi mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Ya kwanza husukumwa na moshi unaotoka kwenye injini, na ya pili huvuta hewa na kuishindilia ndani ya silinda. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika tabo ndogo hata zaidi ya 200,000. Kwa kasi hiyo haukai juu ya chuma, bali huelea juu ya utando mwembamba wa oili ndani ya beringi. Upande mmoja wa mhimili, moshi wa injini ya petroli iliyobanwa huweza kupita nyuzi 900 za Selsiasi. Sentimita chache tu kutoka hapo ndipo zilipo beringi.

Gari linapotembea, oili hupita mfululizo na kuondoa joto hilo, na tabo ya oili pekee hufanya kazi yake bila taabu. Hatari huja gari likisimama. Injini ikizimwa, pampu ya oili nayo husimama. Chuma cha upande wa moshi bado ni cha moto mno, na joto lake huhamia katikati, kwenye beringi zilizobaki na oili kidogo isiyosogea. Oili hiyo huungua na kuwa masizi magumu. Mara moja haidhuru. Baada ya miezi ya kuzimwa ghafla, masizi huziba vijitundu, beringi hukosa oili, na moshi wa buluu huanza kuonekana nyuma ya gari.

Hapo ndipo maji yanapolipa gharama yake. Faida yake kubwa haipo barabarani, kama wengi wanavyodhani, bali baada ya injini kunyamaza. Maji yaliyopata moto ndani ya tabo hupanda, na yaliyo baridi kidogo huja kushika nafasi yake, bila pampu yoyote. Katika injini nyingi za Subaru zenye tabo, kuna tangi dogo la maji lililowekwa juu kabisa ya mfumo kwa ajili hiyo: mvuke hupanda humo, na maji kutoka kwenye injini huingia kwenye tabo. Ndiyo maana mwenye gari hilo ambaye amekuja polepole kwa kilomita za mwisho hana haja kubwa ya kukaa akisubiri. Aliyetoka kulipandisha mlima kwa kasi na kuzima papo hapo, huyo bado anaitesa tabo yake.

Kwa injini ya petroli, basi, uamuzi si mgumu: yenye maji ndiyo ya kuchukua. Injini ya dizeli ina nafasi zaidi ya kuchagua, kwa kuwa moshi wake kwa kawaida hauwi na joto kali kiasi hicho. Malori mengi ya masafa marefu yameenda miaka na tabo za oili pekee, mradi dereva aiache injini iungurume kidogo kabla ya kuzima. Lakini barabara za ukanda huu hazina huruma. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kuelekea Uganda hupita juu zaidi ya hapo. Hewa ikiwa nyepesi, tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuijazia injini kiasi kilekile.

Kosa la gharama kubwa ni kuchukua tabo ya maji kisha kuziba matundu yake kwa kuwa gari halikuwa na mipira ya maji, au mipira imepasuka. Tabo hiyo hubaki na oili pekee ilhali iliundwa kutegemea vyote viwili. Zile zenye beringi za gololi huumia zaidi, kwani nyingi hupokea oili kidogo na kuyaachia maji sehemu kubwa ya kazi ya kupoza.

Wapo pia wanaojaza rejeta kwa maji ya bomba mwaka mzima. Chumvi na kutu hujikusanya katika njia nyembamba za tabo kabla ya kuonekana kwenye rejeta yenyewe. Kulanti inayofaa ni sehemu ya bei ya tabo ya maji, na asiyekuwa tayari kuinunua ajue hivyo mapema.

Tabo mpya, iwe ya aina gani, haitadumu ikiwa kilichoiua ya kwanza bado kipo. Katika baadhi ya injini za Subaru kuna kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba la oili, ambacho huziba kikisahauliwa. Bomba la kurudisha oili lazima literemke bila kukunjwa. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, fundi mwangalifu hutia oili kwenye tundu la tabo, kisha huizungusha injini kwa stata bila kuiacha iwake, hadi oili ifike kwenye beringi.