Pikapu Kuukuu: Tuanze na Breki, Rangi Ije Mwisho

Katika nyumba nyingi za askari na watumishi wa serikali, mtu anapokaribia kustaafu husumbuliwa na swali moja: kiinua mgongo kitafanya kazi gani? Wengine hununua shamba, wengine hufungua duka. Na wako wanaokumbuka kwamba nyuma ya nyumba ya wazee imesimama pikapu ambayo haijaguswa kwa miaka mingi. Gari kama hilo laweza kuwa mali ya jamaa nzima, tena laweza kuwa shimo la kumeza karo za watoto. Mambo hayo mawili hayaamuliwi na bahati, bali huamuliwa na utaratibu wa kazi.

Nimeliona jambo hili nyumbani kwetu, karibu na Masaka, nchini Uganda. Kaka yangu, sajini mstaafu, aliamua kuifufua Peugeot 404 aliyoiacha marehemu baba. Hakuwa fundi. Mimi nami nilisomea ualimu, wala si makanika. Gari za aina hiyo zilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na pikapu zake ziliendelea kuundwa hadi mwaka 1988. Wazee wa Afrika Mashariki huzisifu kwa kuwa zilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Lakini sifa haizuii kutu.

KALAMU KABLA YA SPANA

Kazi ya kwanza ilikuwa ya makaratasi. Tulilinganisha namba za gari na zile zilizoandikwa katika kitabu chake. Kwa kuwa mwenyewe alikwisha kufariki, ndugu wote tuliketi, tukakubaliana, ndipo mambo ya usimamizi wa mirathi yakashughulikiwa kisheria. Kutengeneza mali ya urithi kabla ya ndugu kukubaliana ni sawa na kupanda mahindi katika shamba lenye kesi.

Kisha tulilikagua gari upande wa chini. Chuma kizima kikigongwa kwa nyundo ndogo hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu, na ncha ya bisibisi huzama ndani yake. Ikiwa vyuma vinavyobeba uzito vimeoza sana, yafaa mtu aache hapo hapo, kabla hajatumia fedha.

Shemeji yangu alifungua daftari. Karo za watoto zilitengwa kwanza, na kilichobaki ndicho kilichoandikwa kuwa fedha za gari. Kaka alitamani kuanza na rangi, ili majirani waone kwamba kazi inaendelea. Mkewe akamjibu kwa upole, “Baba watoto, rangi haisimamishi gari.” Neno hilo ndilo lililotuongoza hadi mwisho.

BREKI NA MAGURUDUMU

Mtu asilale kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Gari hupumzishwa juu ya stendi imara za chuma, mahali pa tambarare, na magurudumu yaliyobaki chini huwekewa kabari. Matofali hayafai, maana hupasuka ghafla.

Vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishwe kwa maji na kufutwa kwa kitambaa cha kutupwa, na watoto wakae mbali. Mipira yote ya ndani ya breki iliyozeeka ibadilishwe. Mafuta ya injini yasitiwe katika breki, kwani huivimbisha mipira hiyo. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Kopo lililokaa wazi muda mrefu halifai tena.

Kutoa hewa katika breki ni kazi ya watu wawili. Shemeji alikanyaga pedali na kuishikilia; kaka akafungua na kufunga skrubu gurudumu kwa gurudumu, akianzia lile lililo mbali zaidi na silinda kuu. Matairi hayahukumiwi kwa meno yake tu. Tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho ubavuni huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni juma la 23 la mwaka 2018.

KUMBUKUMBU YA MAMA

Injini iliyolala haiamshwi kwa pupa. Tuliondoa waya za betri, tukatoa plagi, tukatia mafuta kidogo katika kila silinda, tukayaacha usiku kucha. Tulikuwa tayari kuizungusha kwa mkono pale mama yetu aliposema kwamba baba aliliegesha gari kwa sababu maji ya radieta yalipungua kila siku, wala hayakuonekana yanakovuja. Tukachunguza mafuta ya injini, nayo yalikuwa meupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yakiingia ndani.

Hapo tulimwita fundi, kwa kuwa kazi hiyo ilizidi uwezo wa wanafunzi. Katika injini hiyo, mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka imepachikwa tu, na maji huizunguka. Silinda hedi ikishafunguliwa, injini isizungushwe kabla mirija haijabanwa. Ikiinuka, vizibo vinavyozuia maji huharibika. Bila kumbukumbu ya mama, tungeiwasha injini na kuiua.

Watoto walipewa kazi yao. Mkubwa alichora kila waya kabla haujatolewa. Wadogo waliweka bolti katika makopo yenye majina. Petroli na betri hawakuzigusa. Vyuma vilioshwa kwa mafuta ya taa, mbali kabisa na jiko. Tangi la petroli lisichomelewe nyumbani hata likiwa tupu, maana mvuke uliobaki hulipuka.

Leo pikapu hiyo huchukua ndizi za shemeji hadi sokoni. Bodi yake bado ina mabaka, na ukurasa wa rangi katika daftari haujaandikwa kitu. Lakini inasimama inapotakiwa kusimama, na hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Basi, ndugu msomaji unayetazamia kufanya kazi kama hii, anza na makaratasi, kisha vyuma vya chini, breki, na injini. Waulize wazee, wape watoto sehemu yao, na funguo za sanduku la fedha zikae kwa yule asiyevutwa na rangi. Haba na haba hujaza kibaba.