Shule Ipime Mzigo Kabla ya Kukodi Mahali pa Tovuti

Kivukoni Likoni, atembeaye kwa miguu huvuka bila malipo, ilhali mwenye gari hulipa kwa kadiri ya ukubwa wa gari lake. Dereva wa lori hathubutu kudai avuke kama mwenye kikapu. Hata hivyo, shule ikitaka kufungua tovuti, swali la kwanza mara nyingi huwa ni bei, na mzigo wenyewe haujapimwa.

Tovuti yoyote sharti ihifadhiwe katika seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Zipo kampuni zinazokodisha nafasi katika seva hizo. Ikiwa shule ya Kisauni yataka tu kuonyesha historia yake, picha na tarehe za kufungua muhula, kurasa hizo hazibadiliki na mahali pa bei nafuu, hata pa bure, patatosha. Lakini ikiwa mzazi ataingiza nambari ya mwanawe ili aone alama zake, lazima pawe na hifadhidata na seva inayoweza kuendesha programu. GitHub Pages, kwa mfano, hutoa nafasi bila malipo, lakini kwa kurasa zisizobadilika pekee. Programu ya alama ikipelekwa huko, haitafanya kazi kamwe.

Jambo la pili ni umbali. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, nasi tukaanza kuagana na intaneti ya setilaiti. Hata hivyo, Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilizorota kote Afrika Mashariki. Kwa shule ya Changamwe ambayo wasomaji wake karibu wote wako nchini, seva iliyomo Kenya ina faida: data yake si lazima ivuke bahari ndipo imfikie mzazi wa Miritini.

Tatu, alama za mwanafunzi si tangazo la ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa. Kwa hivyo kampuni iulizwe: je, mawasiliano hufungwa kwa siri? Nakala za akiba huwekwa kila siku, na ni nani awezaye kuzirejesha? Tukipatwa na hitilafu siku ya matokeo, nani atapokea simu?

La mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Anwani ya tovuti, ambayo kwa shule zetu huweza kuishia kwa .sc.ke, isajiliwe kwa jina la shule, si la mwalimu wa kompyuta wala la fundi. Walimu huhamishwa. Mwalimu akiondoka na neno la siri, shule hubaki mlangoni pa nyumba yake yenyewe ikibisha hodi.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Hatusemi shule zitumie fedha zisizo nazo. Tunasema walimu na wanafunzi waketi pamoja, waandike katika ukurasa mmoja kazi ambazo tovuti yao itafanya, kisha ndipo waulize bei. Zoezi hilo lenyewe ni somo, na halina karo.