Ali Baba Kwenye Dirisha la Bahili

Katika kisa cha Krismasi alichokitoa Charles Dickens mjini London tarehe 19 Desemba 1843, ambacho wengi hukikumbuka kwa bahili wake Scrooge na mizuka iliyomjia usiku, mna sehemu fupi ambayo tangu niisome tena imekataa kunitoka moyoni. Mzuka wa kwanza wamrudisha mzee yule katika skuli yake ya zamani. Wenziwe wote wamekwenda makwao kwa sikukuu, amesalia mtoto mmoja, ameinamia kitabu kando ya moto hafifu, na mtoto huyo ndiye Scrooge mwenyewe. Mara, nje ya dirisha, katika baridi ile ya Uingereza, yuasimama mtu mwenye mavazi ya kigeni, shoka kiunoni, akiongoza punda aliyebebeshwa kuni. Ni Ali Baba! Na bahili aliyekuwa akimnyima karani wake hata makaa ya kuotea, apaza sauti akicheka na kulia kwa pamoja.

Sisi tuliolelewa na Alfu Lela Ulela hatuhitaji kujulishwa mgeni huyo, ijapokuwa safari yake ni shani: alisimuliwa kwa mdomo mjini Paris, mwaka 1709, na Hanna Diyab, kijana wa Halab, mbele ya mfasiri Antoine Galland, ndipo akaingia vitabuni.

Dickens naye alimjua kwa kusoma: alimhadithia sahibu yake John Forster kwamba vitabu vya babake, katika chumba kidogo cha juu, ndivyo vilivyokuwa suhuba yake utotoni. Na madeni yalipomzonga baba, hata akafungwa katika gereza la Marshalsea mwaka 1824, mtoto ndiye aliyetumwa kuvipeleka kwa mnunuzi, na akatiwa kiwandani kubandika karatasi katika vikopo vya rangi ya viatu. Na alipokitunga kisa hiki, asema katika barua yake, alilia, akacheka, akalia tena, akizunguka njia za London zenye giza maili 15 au 20, watu wamekwisha lala. Akimlilia nani?

Husemwa kuwa kilichomgeuza Scrooge ni kuliona kaburi lake. Sikubali. Kabla ya kaburi alikuja Ali Baba, na punde baada yake mzee akafuta machozi, akamkumbuka mtoto aliyekuja mlangoni pake jioni ile kuimba, naye akamfukuza kwa rula. Akatamani lau angalimpa kitu. Yule mwimbaji kisa hakimtaji tena.