Wakimbizi wa Tengeru na Wahamishwa wa Ngare Nanyuki: Uhusiano Uliosahaulika katika Historia ya Meru

Kambi ya Wapoland iliyokuwa Tengeru na kesi ya ardhi ya Wameru huelezwa kila moja peke yake, ingawa yote mawili yalitokea chini ya mlima mmoja na serikali moja. Makala haya yanayatazama kwa pamoja.

Wapoland hao hawakuhama kwa hiari. Kuanzia Februari 1940, Muungano wa Kisovieti, ambao ulikuwa umeteka Poland ya mashariki, uliwapeleka kwa nguvu Siberia na Kazakhstan. Waliachiliwa mwaka 1941, baada ya Ujerumani kuushambulia Muungano huo. Mwaka uliofuata walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran, na kutoka huko maelfu yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, walisafirishwa hadi Afrika Mashariki. Tengeru ilipokea takriban 5,000, wakajengewa shule, kanisa na hospitali. Vita vilipokwisha, wengi hawakuwa na pa kurudi, kwa kuwa vijiji vyao vilikuwa vimeingizwa katika mipaka ya Kisovieti. Hivyo walitawanyika Uingereza, Kanada na Australia.

Wakati kambi hiyo ikielekea kufungwa, serikali hiyohiyo ya Kiingereza ilikuwa ikitekeleza mapendekezo ya Jaji Mark Wilson, yaliyotaka Ngare Nanyuki iwe sehemu ya eneo lisilokatika la walowezi wa Kizungu. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa na nyumba zao zikachomwa moto. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, alilifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu.

Si sahihi kudai kwamba Wapoland walipendelewa kwa gharama ya Wameru. Ardhi ya Tengeru haikuwa kiini cha mgogoro huo. Tofauti ilikuwa katika hadhi ya kisheria. Mpoland alitambuliwa kuwa mtu aliyenyang'anywa makazi. Mmeru, aliyenyang'anywa vilevile, alihesabiwa kuwa raia wa kusogezwa kwa ajili ya maendeleo, na ndiyo maana Japhet alilazimika kusafiri hadi New York ili neno “dhuluma” lisikike. Makaburi ya Wapoland wapatao 150 yangali yakitunzwa Tengeru.