Je, Babu ni Shujaa Mdogo?

Majuzi nilikuwa nikisahihisha insha hapa Kerugoya, nikakuta mwanafunzi amemwita Superman "shujaa mkuu". Nikaupitisha msemo huo bila kuufikiria. Siku ya kurudisha madaftari, binti huyo alinijia. "Mwalimu, baba yake babu yangu alipigana msituni wakati wa Mau Mau, nasi nyumbani humwita shujaa. Ikiwa Superman ni shujaa mkuu, yule wetu ni shujaa mdogo?"

Nilikosa jibu, na kosa lilikuwa langu.

Neno superhero limeundwa kwa vipande viwili: super, la Kilatini, yaani "juu ya", na hero, lililotoka kwa Wayunani. Lilikuwapo hata kabla ya Superman kuchapishwa Marekani mwaka 1938, ingawa leo aghalabu humtaja mtu wa vibonzo arukaye angani, asiyepenywa na risasi. Kampuni mbili, Marvel na DC, zililishikilia kwa miaka mingi kama alama yao ya biashara, hadi haki hiyo ilipofutwa huko Marekani mwaka 2024. Ajabu, neno kuwekewa ua kama shamba!

Shujaa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kiini chake ni ujasiri. Sasa, asiyeweza kudhurika ana haja gani ya ujasiri? Aliyelala katika baridi ya msitu wa Mlima Kenya akijua kuwa risasi moja yamtosha, huyo ndiye aliyeuhitaji. Nadhani ndiyo maana Katiba ya 2010 ilipoigeuza Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Mwaka 2021 siku hiyo iliadhimishwa kitaifa papa hapa Kirinyaga, katika uwanja wa Wang'uru.

Kwa wenye nguvu zipitazo za binadamu tunalo neno jagina, ambalo walimu wa fasihi simulizi hulifundisha kila mwaka katika migani. Fumo Liyongo hakudhurika kwa chuma. Sindano ya shaba kitovuni ndiyo iliyomuua, tena kwa mkono wa mwanawe. (Najua, Superman naye ana jiwe lake limdhoofishalo. Basi hao wawili ni wa ukoo mmoja.)

Nilimwomba binti daftari lake, nikakata maneno "shujaa mkuu" kwa kalamu nyekundu, juu yake nikaandika "jagina". Akalisoma polepole, kisha akauliza kama angepunguziwa alama.